Mguu Wangu Hauchanjwi Tena

Kisangani, Kabondo

Kwako Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani Kindu. Mama anaendeleaje na mgongo wake? Na mvua, imewaachia paa? Mimi nipo, nakula, nacheka, na nina hasira. Kwenye simu unanikatiza, ndiyo maana naandika.

Shemeji amenifikishia ujumbe wenu. Kwamba familia imekaa kikao, mganga ameshatayarisha wembe, nirudi nichanjwe. Na kwamba Mama Mdogo, mke wa pili wa marehemu papa, atatolewa uwanjani kwetu, aiache nyumba yake, kwa sababu eti nilikanyaga dawa yake pale mlangoni siku za matanga. Siji, Yaya. Na yeye haondoki.

Najua neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Mguu wa kushoto ulipoanza kuvimba, ni mimi niliyekupigia simu nikamtaja, kwa sababu ndiye aliyefagia mlangoni asubuhi ile. Alikuwa anafagia tu. Nilimhukumu mtu kwa ufagio, na ninaona aibu.

Hata huku nilichanjwa. Mzee mmoja wa mtaani alinikata chale toka goti hadi kifundo, akapaka unga mweusi, akasema uchafu utatoka. Yalitoka maji siku tatu, kisha ikaja homa ya kutetemeka, na mguu ukawa mwekundu, unawaka. Kwenye kituo cha afya walinipa dawa, homa ikashuka. Wakaongeza vidonge vya kukojoza. Nilikojoa mpaka nikachoka, mguu ukabaki mnene vilevile. Nikaacha kazi yangu ya kushona, maana cherehani hukanyagwa kwa miguu, na wangu hata kiatu kilikuwa hakiingii.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenipeleka kwa mama wa kine, anayekanda na kufunga viungo, na ambaye amesomea uvimbe wa namna hii. Alinibonyeza, kidole kikaacha shimo. Nikamweleza habari yote ya mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mama, hii haiko bulozi, hakuna mtu alikuroga. Iko maji ya mwili, njia yake iliharibika. Kuisha kabisa haitaisha. Lakini tukiifunga kila siku, itatii."

Kumbe mwilini mna mishipa mingine midogo, haibebi damu, inabeba maji. Yangu imeharibika, labda kwa minyoo midogo inayoletwa na mbu, bado wanachunguza. Kwa hiyo wembe kwenye mguu huu ni kuvifungulia vijidudu mlango. Mkinichanja tena mnaweza kunizika.

Sasa kila asubuhi naosha mguu kwa sabuni, nakausha katikati ya vidole, najikanda polepole alivyonifundisha, kisha nafunga bande toka vidoleni hadi gotini, chini imekaza, juu imelegea kidogo. Nilidhani atanikataza cherehani. Akacheka. "Kanyaga, mama, na bande ndani. Mashini yako iko kine ya pili." Basi nimerudi kazini. Watu wakiukodolea mguu macho, naunyoosha wauone vizuri. Umepungua, Yaya. Si sana, lakini kifundo nimekiona tena.

Msalimie mama, umwambie nalala vizuri. Msalimie mkeo na watoto. Mdogo wetu wa mwisho umwambie gauni lake limebaki pindo tu.

Barua hii usiisome peke yako. Waite walewale waliokaa kikao, na Mama Mdogo apewe kiti katikati yao. Mbele ya wote useme kwamba Zaina alimsingizia, na kwamba Zaina anamwomba msamaha. Akikataa kunisamehe, ana haki. Lakini nyumba ni yake, na atakayemtoa atakuwa amenitoa na mimi.

Mdogo wako,
Zaina