Ini la Mtu Asiyekunywa

Jumatatu, 4 Machi
Majibu ya picha ya tumbo yametoka. Ini la mume wangu limejaa mafuta. Ini! Nani asiyejua linaharibiwa na nini? Kumbe miaka yote hii ananichezea shere, anakunywa huko nje. Nimempigia shemeji, kaka yake mkubwa, nikamwaga yote. Jumapili kikao cha ukoo.

Jumatano, 6 Machi
Anakana. Mara moja tu, kisha anaendelea kula. Wifi kapiga simu: kumbe kaka yetu mlevi? Nilijiona mshindi — nakiri.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Nikamwambia daktari, mwulize anakunywa wapi. Daktari akashangaa: pombe kaitaja nani? Mafuta ya tumboni hayakai bure, anasema, yanatoa homoni. Ipo inayolinda ini — tumbo likikua, hiyo inapungua. Ipo inayouambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Hiyo nayo inazidi mpaka ubongo hausikii tena. Mtu anakula tu, na ini linajaa. Bila tone la pombe!

Kisha akauliza, kiuno kimeongezeka tangu lini? Mume wangu akajibu kwa fahari: hakijaongezeka, suruali ni zilezile tangu tuoane.

Nikatazama sakafu. Mimi ni fundi cherehani. Suruali zile nimezifumua na kuzitia kitambaa kiunoni mara nne, kimyakimya, eti namsitiri. Hata hilo sikulisema. Aibu gani hii, mama yangu!

Jumamosi, 9 Machi
Nimempigia shemeji nivunje kikao. Nikauliza hali ya watoto, nikakata. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 10 Machi
Wamejaa sebuleni. Nimejificha jikoni, naandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja. Nilijipanga kusema kweli kabla hawajaanza — wallahi nilijipanga. Shemeji akaniwahi: mdogo wangu, unakunywa, au mkeo ni mwongo?

Wote wakanigeukia. Nikaanza kukusanya vikombe. Mume wangu akaniangalia, kisha akasema: nakunywa, kaka. Mke wangu hajasema uongo.

Mtu asiyejua hata bia ina ladha gani! Wifi analia. Shemeji anamwapisha aache, na wanataka mimi niwe shahidi. Wameniita mara mbili. Sasa ananiita mume wangu mwenyewe, kwa upole: mama watoto, njoo tumalize.

Nimeitika naja. Bado nimesimama hapa —