Kilio cha Mheshimiwa

Bondeni, Jumanne usiku

Mimi siogopi mtu Nakuru hii yote. Huo ni uongo. Leo nimejificha kwa choo cha ploti mpaka giza likaingia.

Mdomo wangu ndio umeniponza. Jumapili tukicheza drafti niliwaigizia wazee wenzangu vile mheshimiwa wetu hulia matangani, huku akiuliza pembeni kama nyama imeiva. Nikajirekodi kwa simu, nikatuma kwa grupu yetu ya wazee wasio na meno. Sijui nani aliisambaza. Leo asubuhi nikaifuta. Mchana nikaikuta kwa kinyozi huko Rhonda, watu wanacheka mpaka mashine imezimwa.

Halafu Otieno, fundi viatu wa hapa getini, akanijia mbio.

"Mzee, kuna watu wawili na gari haina namba. Wanauliza yule mzee wa kuigiza."

"Ukasema?"

"Nikasema umehamia Naivasha."

"Walicheka?"

"Hapana. Mmoja alikuwa anakusikiza kwa simu. Hakucheka hata kidogo."

Hapo ndipo nilikimbilia choo. Mtu anasikia kitu kama hiyo na hacheki…

Ukurasa huu nitauchana niusukume kibandani kwa Otieno. Otieno, ulipoenda kuzika mama yako nililinda kibanda chako, hata msumari haukupotea. Nilipe kwa kitu kidogo tu. Kesho ukiona jua limepanda na mlango wangu bado umefungwa, piga nduru. Lia kama mheshimiwa, lakini wewe ulie kwa kweli.