Fomu ya Kuuliza Njaa

Jumatatu, 5 Machi 1984

Leo nimekuwa mtu mkubwa! Mkutano wa wazazi umenichagua kuingia Kamati ya Ustawi wa Watoto. Sababu – nilimaliza la saba na mwandiko wangu unasomeka. Sababu ya pili, akina baba wote waliangalia viatu vyao.

Jambo lenyewe si la kucheka. Wiki iliyopita watoto wanne walianguka kwenye mchakamchaka. Wa mwisho Dorothea, mjukuu wa Bibi Lukresia wa Nangara. Walimmwagia maji, akaamka, akaendelea na wimbo palepale alipoishia! Mwalimu Mkuu, Mwalimu Herieli, anasema misheni wana unga na maziwa ya unga, watoto wapikiwe uji kila siku saa nne. Ila Padri anataka uhakika. Kaya ishirini zikubali zenyewe, kwa sahihi au dole gumba, kwamba kuna siku watoto wao wanalala bila kula. Mwisho Jumatatu ijayo.

Ishirini tu! Mvua imetunyima, duka la ushirika limebaki na majani ya chai na karani. Hii kazi ya siku moja.

Jumanne, 6 Machi

Nangara. Kaya sita. Ndiyo – hakuna. Hapana – sita.

Nimeshiba mpaka kuinama siwezi. Kila nyumba: karibu mgeni, kaa, kula kwanza. Ugali wa unga wa njano mara tano. Bibi Lukresia alinipa kikombe cha maziwa. Dorothea alikifuata kwa macho mpaka kikafika mdomoni kwangu. Nilijaribu kukataa, Bibi akasema mgeni akitoka kwake mkavu hata ng'ombe watamcheka. Nikasoma swali la fomu. "Njaa? Hapa?" Akaangalia huku na huku kama vile nimeulizia simba.

Nyumba ya mwisho, Baba Damasi anasema watoto wake hawali kwa ajili ya Kwaresima. Nikamwambia Kwaresima inaanza kesho. "Sisi tumetangulia," akasema.

Jumatano, 7 Machi

Jumatano ya Majivu. Nikasema leo nimepona! Nimefunga, nani atanilisha?

Upande wa Singe, nyumba ya kwanza: kama umefunga, chukua utakula kesho. Nikafungiwa unga kwenye kipande cha kanga. Ya pili vilevile. Ya tatu waliona mzigo, wakaona aibu kupitwa, wakatia zaidi.

Ndiyo – hakuna. Nimekwenda kutafuta njaa, nimerudi na unga.

Nikautazama. Ni unga wa watu wenye shida kuliko – sijui kuliko nani. Binti yangu Fabiola aliruka akapiga makofi. Nikaupika.

Alhamisi, 8 Machi

Akili mpya! Usimwulize mtu habari zake, uliza za jirani. Mama Elieshi: kwao wanamshukuru Mungu, lakini kwa Eliakunda hapo, masikini, wanawasha moto chini ya chungu cha maji ili watu waone moshi. Nikavuka ua. Eliakunda: kwake hawajambo, lakini Mama Elieshi, masikini, juzi aliazima chumvi akairudisha, hakuwa na cha kuitia.

Kabla ya saa sita, ndiyo kumi na saba! Nikakimbia shuleni. Mwalimu Herieli akasoma, akavua miwani. "Mama Fabiola, hii si kamati. Huu ni umbea." Akazichana fomu zote. Kila mtu aseme la kwake.

Fabiola naye alikaa chini katikati ya mchakamchaka leo. Wenzake walimruka. Ni jua tu. Najua mchakamchaka ni saa moja asubuhi, lakini jua ni jua.

Ijumaa, 9 Machi

Nimerudi kwa Bibi Lukresia. Shikamoo Bibi, naomba leo usinipe kitu. Marahaba, akasema, na ile fomu yako wewe imeandikwa nini?

Nikasema mimi ni wa kamati.

"Kwani kamati inakula nini?"

Wanawake waliokuwa wanapukuchua mahindi – magunzi matupu zaidi! – wakacheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Bibi hakucheka. Akasema nilete yangu ina ndiyo, aione. Yeye atatia dole gumba, na hawa wote watafuata, na watu wa Singe watasikia kabla ya jioni. Lakini aanze yeye, mzee, kujivua nguo mbele ya mtoto aliyevaa? Hapana.

Nikaenda shuleni nijaze yangu. Mwalimu akakataa. Mwulizaji hajiulizi mwenyewe. Atakuja kesho kunihoji kwangu, saa saba.

Saa saba! Saa ya kula!

Jumamosi, 10 Machi

Baba Fabiola bado yuko Mbulu anatafuta mahindi kwa baba yake. Unga umekwisha tangu jana asubuhi. Nikapanga vizuri kabisa: Mwalimu anakuja, nampa maji, namwambia ndiyo, natia sahihi, watoto wote wanakunywa uji. Rahisi!

Saa tano nilikuwa kwa jirani Rosalia naazima unga. Saa sita nilikuwa namfukuza kuku wa mwisho.

Mwalimu alipoona sinia akasema hapana, Mama Fabiola, mimi nimekuja kwa kazi. Mdomo wangu ukajisemea wenyewe: "Mwalimu, unanidharau?" Akanawa. Akala. Akafuta mikono, akatoa fomu, akasoma swali taratibu kama vile silijui. Je, kuna siku watoto wa kaya hii hulala bila kula?

Nikasema ngoja nilete chumvi.

Sasa niko hapa jikoni, naandika juu ya kinu. Neno lenyewe ni fupi. Nimelifanyia mazoezi kwa sauti, mara tatu, kuku angekuwepo angenisikia. Mwalimu anaita, anasema chumvi iko hapahapa mezani.

Nasikia Fabiola anamwuliza, kwa adabu zote, ameshika mikono nyuma bila shaka: Mwalimu, na hilo tonge lililobaki, utalila?

Nasikia sinia linasogezwa.

 Naingia kulisema lile neno –