Makochi Niliyoyaingiza Chumbani kwa Mama

Karakana ya makochi,
Nyuma ya soko la mbao.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Mguu wako je, umeshaachana na magongo? Huku tunaendelea. Wifi yako anasumbuliwa na kifua, lakini mdomo wake mzima, kwa hiyo najua atapona. Watoto wanakula na kukua, kazi yao ni hiyo.

Mama yupo. Habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu kila nikijaribu naishia kukuuliza kama huko kunanyesha.

Dada, nilikudanganya. Mama hapati pensheni ya wazee, wala hajawahi kuipata. Mwaka jana nilipokuambia ameshaingizwa, ukapiga vigelegele mpaka majirani zako wakaja kuuliza kuna nini, mimi nilikuwa nimejiinamia hapa karakanani nashindwa hata kukohoa. Ukaacha mpango wako wa kumchukua akae kwako, ukisema sasa mama ana chake. Kosa ni langu, tena nilijua ninachofanya.

Ilikuwa hivi. Yule dada wa ustawi wa jamii alitangaza kwamba atapita nyumba kwa nyumba kuangalia wazee wanavyoishi, ili wasio na kipato wapewe kitu kila mwezi. Niliposikia mgeni wa serikali anaingia chumbani kwa mama, nikaona aibu. Kile chumba unakijua: kitanda cha chuma, ndoo, na stuli yenye mguu mmoja mfupi. Na mimi ndiye fundi makochi! Nikachukua seti ya mteja, nyekundu, nimetoka kuibadilisha kitambaa, gundi bado inanuka, nikaiingiza kwa mama. Jirani akatuazima televisheni, tukaiweka juu ya kasha, wala waya haina. Mama akakaa katikati ya kochi kama bibi harusi, anaogopa hata kuegemea asije akaharibu mali ya watu.

Yule dada alipouliza nani anamtunza, nilidakia kabla mama hajafungua mdomo. Nikasema, "Mama huyu ana mtoto wa kiume. Hajakosa kitu." Nikakunja nne kabisa. Akaangalia makochi, akaangalia televisheni, akatupongeza, akaenda zake. Kesho yake mteja akachukua vitu vyake, mama akarudi kwenye stuli. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba yale makochi yalikuwa laini.

Nilijiapiza nitamtunza mwenyewe, na hapo sikuwa naongopa. Lakini siku hizi watu wananunua makochi ya dukani yaliyofungwa nailoni. Anayeniletea la kutengeneza ni aliyekwama, naye anataka kwa mkopo. Kuna wiki nilimpelekea mama unga, na kuna wiki nilipita njia ya nyuma nisionane naye. Nikienda mikono mitupu ananiambia, "Mimi nimeshakula, baba, wape watoto." Na mimi nilikubali kwamba ameshakula, kwa sababu ilinifaa kukubali.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ghala la nafaka kushona kiti cha bosi. Napita uani, nikawaona kina mama wamekaa juu ya magunia wanachambua maharage, wanatoa mawe. Wa mwisho kule ukutani ni mama yetu. Mama, na macho yale, ambaye hata uzi anatungiwa na wajukuu. Nikasimama kama nimepigiliwa misumari. Akaniangalia, akasema, "Karibu, fundi. Bosi yuko ndani."

Fundi! Kama hanijui. Alikuwa ananifichia aibu, wenzake wasijue kwamba mwanawe ndiye mimi. Na mimi, dada, nikajibu, "Asante, mama," kama unavyomjibu mama yeyote njiani, nikaingia ndani, nikashona kiti.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko makochi.

Jana kulikuwa na mkutano wa mtaa wa kuwasikiliza wazee walioachwa kwenye orodha ya pensheni. Baada ya hapo majina hayapokelewi tena mpaka mwakani. Nikapiga moyo konde, nikamchukua mama, tukaenda. Zamu yetu ilipofika nikasimama nikaeleza yote, makochi, televisheni, kila kitu. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Fundi cherehani, yule mwenye maneno, akapaza sauti kutoka nyuma: "Na hicho kitambi, nacho umeazima?"

Nikamwambia, "Hiki ni changu. Mimi nina kitambi na mama yangu anachambua maharage, ndiyo maana nimesimama hapa." Kicheko kikapungua.

Basi yule dada wa ustawi akamgeukia mama, amsikie mwenyewe. Mama akainuka polepole, akasema, "Mwanangu ananitunza vizuri. Pale ghalani naenda kupiga soga tu." Nikaona kalamu ya yule dada inaanza kufunikwa.

Tangu nizaliwe sijawahi kumpinga mama mbele za watu. Nikasema, "Mama anasema hivyo kwa ajili yangu. Nilimkuta ghalani, akaniita fundi ili nisiaibike, na mimi nikaitikia." Mama akakaa, akajifunika uso kwa mtandio. Njiani kurudi hakunisemesha, na mpaka leo ananijibu kwa kichwa. Acha anune. Bora anune akiwa ameshiba.

Jioni nani kaja karakanani? Fundi cherehani. Alizungukazunguka, akashika sponji, akauliza bei ambayo haihitaji, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini baba yake aanzie wapi. Nitakwenda naye, japo jina litasubiri mwakani. Na sisi wenyewe tumekubaliana, mafundi wa huku nyuma ya soko, tujiunge na ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa watu waliojiajiri. Kidogo kidogo, hata kama ni hela ya soda. Mimi sina bosi wa kuniwekea akiba, na sitaki mwanangu siku moja aje kunikuta juu ya gunia.

Sasa sikiliza, dada, hapa nakuhitaji. Majibu ya mama bado. Yule dada wa ustawi atarudi bila kutangaza, na watoto walio mbali huwa anawapigia simu. Atakuuliza unamtumia mama nini. Najua sisi ni damu moja, najua utatamani kujikweza kidogo. Usijikweze. Kama mwezi huu umeshindwa, sema umeshindwa. Ukiongeza chumvi kidogo tu, mama anarudi ghalani.

Kuhusu kunisamehe, sikuharakishi. Nikaripie ukitaka, nitapokea simu.

Wifi yako anakusalimu. Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba anawakumbuka wote, hata yule aliyenitapikia shati. Mungu awafunike huko mliko, na auponye huo mguu uje kutuona.

Na ukimpigia mama, usimuulize hali. Atakuambia hajambo. Muulize leo amepika nini, halafu nyamaza, umsubiri ajibu.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Fundi.