Bamia za Nani Hizi?

Tabata, 11 Julai 1992

Shangazi Mwajabu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Sie wazima, ila Mudathir ana mafua.

Shangazi, usinikasirikie. Mume wangu anasema tuache kikapu. Tulichangia mbegu kabla ya masika ili kila Jumamosi lori la mchanga la Kondo lituletee mavuno, lakini anayechagua chakula ni shamba! Wiki hii kisamvu, wiki iliyopita kisamvu. Sokoni siku hizi kila kitu kipo, hata matufaha ya Ulaya. Unasemaje?

Mwanao,
Shamimu

Madale, 17 Julai 1992

Marahaba mwanangu. Goti ndilo hilohilo, mpe mumeo pole ya mafua.

Wenzio wawili wameshajitoa. Mkitoka na nyie, nauza shamba. Kuna bwana wa viwanja anarudi mwisho wa mwezi nitie sahihi. Sitaki, Shamimu, roho inaniuma, hapa ndipo alipolima mama yangu. Lakini siwezi kulima peke yangu.

Nakuomba kitu kimoja. Kikapu cha kesho kipange mafungu kama ya sokoni, halafu Mudathir aende sokoni na hela ileile. Mlinganishe, ndipo muamue.

Shangazi yako

Tabata, 18 Julai 1992

Shikamoo shangazi! Sijui hata nianzie wapi!

Nilitandika jamvi barazani nikapanga mafungu: nyanya, bamia, bilinganya, mchicha, na hicho kisamvu chako. Mudathir hajarudi, jirani yangu Atuganile akaja na ungo: "Shoga, umefungua genge hunambii?" Namwambia si genge, hasikii. "Basi nipe bamia, na nyongeza uweke!" Wakaja wengine. Nikasukumwa mpaka mlangoni kwangu mwenyewe.

Mara Mudathir huyo, kabeba nyanya nzuri za juu, za chini zimepondeka. Mie hanioni kwa umati, akadhani kuna mama kaja kuuza barazani kwetu. Akapaza sauti: "Bamia za nani hizi? Ningejua nisingehangaika mpaka sokoni!" Shangazi, nilicheka nikakaa chini.

Sikufichi, vitunguu na viazi vya sokoni vimekushinda. Mengine yote umewashinda wao. Akina mama sita wanataka vikapu, na sie tumebaki. Usiuze!

Mwanao,
Shamimu

Tabata, 25 Julai 1992

Shangazi, shikamoo. Salamu nyingine baadaye. Kondo kaja leo mikono mitupu. Lori lilikuwa gereji wiki nzima, na barua yangu bado imo mfukoni mwake! Nakuletea zote mbili. Naomba zikukute hujatia sahihi.

Shamimu wako

Madale, 1 Agosti 1992

Marahaba, marahaba! Mie mzima, hata goti nimelisahau.

Yule bwana alikuja jana. Wakavuta kamba ya kupimia kutoka kisimani hadi kwenye mihogo, nami kalamu nimeshashikishwa. Kondo akapiga honi. Nikasema ngoja kwanza nisome barua za mwanangu. Kufika kwa Mudathir na bamia zake, nilicheka mpaka bwana yule akadhani nimepagawa. Nikamrudishia kalamu yake.

Kaondoka amenuna, kamba kaisahau. Nimeikatakata, ndiyo iliyofunga hivyo vikapu saba. Akija kuiulizia nitamwelekeza Tabata. Cha Mudathir ni kile chenye bamia tupu.

Shangazi yenu