Hodi Niliyoipiga

Jumapili, tarehe 14 Aprili

Kaka mpendwa,

Leo nimeapa kukueleza yote. Kwanza shikamoo. Natumaini kifua kimepoa, na kwamba huko gerezani wamekuongezea blanketi. Mama hajambo kiasi, anakula akibembelezwa. Mimi ni mzima wa mwili.

Shuleni, mwalimu wa dini alituuliza kwa nini Yuda alimsaliti Bwana wake. Wenzangu walisema ni fedha; mmoja akasema ni shetani, akaketi kama aliyemaliza kazi. Mimi nilisema labda Yuda aliamini Yesu angeponyoka, maana aliwahi kupita katikati ya watu waliotaka kumtupa kutoka mlimani. Tena Mathayo anasema alijuta alipoona Yesu amehukumiwa. Aliyeitarajia hukumu angeshtuka nini? Darasa likacheka, na sasa wananiita Wakili wa Yuda. Mwalimu hakucheka. Alisema nia njema haimfungui aliyefungwa.

Rafiki yako seremala, aliyekuficha stoo kwake wakati wa mgomo wa kiwanda, hapati kazi tena. Uliandika kwamba yeye ndiye aliyekuuza, na kwamba mimi nilifuatwa tu bila kujua. Basi majirani wanapeleka milango yao kwingine. Juzi alimsalimu Mama njiani, Mama akageuza uso. Mkewe anasema anashinda akiranda ubao mmoja hadi yanabaki maranda matupu.

Kaka, si yeye. Ni mimi.

Mjomba, kwa kuwa ni karani wa meneja, aliniapia kwamba meneja anataka mazungumzo tu. Nikaamini. Nilikwisha kukuona ukimjibu meneja mbele ya watu, akabaki kufuta miwani. Nikawaza, mkikaa meza moja utamshinda, na jioni utakuwa nyumbani, Mama atakula. Nikamwambia Mjomba ulipo. Alijua humfungulii mtu ila mimi, akaniomba nitangulie. Nikaita, "Hodi, Kaka, ni mimi." Ukafungua ukitabasamu. Nilidhani nyuma yangu wako Mjomba na meneja tu. Wale wenye pingu sikuwaona mpaka waliponipita.

Ulipofungwa miaka sita kwa uchochezi, nilimwendea Mjomba nikamsihi aseme kwamba tulidanganywa. Alijibu bila kuinua kichwa, "Hayo ni yako, mwanangu."

Siombi msamaha, hata sijui ungeingilia wapi. Kesho asubuhi nitamwambia Mama, kisha nitapita kwa seremala kabla ya kengele ya shule. Huenda Mama akanifukuza. Huenda seremala akapata mlango wa kutengeneza.

Mama na shangazi wanakusalimu sana, nao hawajui ninayoyaandika.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kusoma.

Nijibu mara upatapo barua hii: siku ya kutembelewa, askari akikuambia ni mimi niliyekuja, utatoka?