Mji Anamolia Mtoto

Kitui mjini, 9 Machi 2024

Mwaitu mpendwa,

Hujambo, mama? Kifua kimepoa? Na ile mbuzi yako mtoro bado inakula kwa jirani? Sisi wazima.

Nakuandikia kwa sababu simu yako kijiji kizima huisikiliza. Unajua Nthiwa amepata kazi ya kuchimba visima nchi za nje. Yeye atakuwa porini wiki nyingi, kwa hivyo kampuni imesema mke ndiye achague mji wa kuishi, Windhoek au Lusaka. Tukapelekwa kuona yote miwili. Windhoek ni safi, kumetulia, na kuna shule inayotaka mwalimu. Nthiwa ameupenda mji huo. Lusaka tulionyeshwa nyumba yenye ukuta uliopasuka, vumbi mpaka kwenye chai.

Lakini Lusaka, jioni, saa ile ya kuogesha watoto, nilimsikia mtoto wangu. Alilia vile alivyolia zile siku mbili alizoishi hapo kwako. Nilizunguka nyumba nikimtafuta. Hata majirani hawakuwa na mtoto. Windhoek sikumsikia kamwe.

Nataka Lusaka. Niambie kama nimerukwa na akili.

Mwanao,
Kalunde


Kilungu, 24 Machi 2024

Kalunde mwanangu,

Salamu nimezipokea. Kifua ni cha asubuhi tu. Mbuzi nimeifunga, inalalamika kama kiongozi wa kwaya aliyevuliwa cheo.

Akili yako ni nzima. Nenda Windhoek. Mtu hachagui nyumba kwa sababu ya kilio. Pasta atasema hakuna kitu kama hicho, na Pasta namheshimu, lakini si yeye aliyemfunga mtoto kwa leso akamzika nyuma ya migomba. Ni mimi. Alikufa kabla ya siku ya tatu, siku ya kupewa jina, na wazee wetu walisema mtoto asiye na jina bado ni wa kule alikotoka. Hajui ni wa nyumba gani, ndiyo maana anakufuata.

Nitampa jina. Msichana wa kwanza ni wa mama ya mume, kwa hivyo nimetuma neno Migwani kwa mama mkwe wako Kalekye, aje atoe jina lake mwenyewe. Akishakuwa mtu wa hapa, atatulia, nawe utapumzika.

Mama yako,
Mutanu


Kitui mjini, 3 Aprili 2024

Mwaitu,

Habari za huko? Mimi si mzima sana.

Nakuomba usimpe jina. Nilikupigia niseme hivyo, ukaanza habari za mahindi, naye Nthiwa ameketi hapa, nikashindwa. Akitulia, mimi nitabaki na nini? Sina picha yake. Hata kunyonya hakuwahi kushiba. Kile kilio ndicho kitu pekee nilichobaki nacho.

Tumechagua Lusaka. Nthiwa amekubali kwa kununa. Tunaondoka wiki ijayo.

Mwanao,
Kalunde


Kilungu, 21 Aprili 2024

Kalunde mwanangu,

Natumaini mlifika salama na miguu haikuvimba.

Barua yako ilikaa dukani kwa Mbuvi, nimeipata leo. Tulishampa jina. Mama mkwe wako alikuja na uji kwenye kibuyu. Nilimdhani mwanamke mkavu, kumbe alilia kuliko mimi. Tulimwita pamoja: Kalekye.

Nisamehe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama yako,
Mutanu


Lusaka, 2 Juni 2024

Mama,

Nimekaa hapa tangu Aprili. Kila jioni nafungua madirisha yote. Hakuna kitu. Ni redio za watu tu.

Niliacha mji mzuri na kazi kwa ajili yake, nawe ukamfunga huko kwenye migomba. Nthiwa yuko porini. Usiniandikie kwa sasa.

Kalunde


Kilungu, 30 Agosti 2024

Kalunde mwanangu,

Hujambo? Mara hii hukuuliza kifua changu, lakini nitakujibu: kinauma.

Ulinikataza kuandika, nami nimejikaza mpaka nimeshindwa. Nilikuficha jambo. Tangu tumpe jina, amekuwa akilia hapa, jioni, nyuma ya migomba. Nilikuwa natoka, mimi nyanya yake, na kumwambia, "Kalekye, nyamaza, susu yako yuko hapa," naye ananyamaza. Nikamzoea. Nikawa nawahi kutoka kanisani ili anikute. Nyumba hii ni tupu, Kalunde, nami pia sikuwa na mtu.

Barua yako ilinichoma. Jumanne nilienda kwenye migomba nikamwambia ukweli: mama yako hayuko hapa, ameenda mbali, kupita Tanzania, yuko Lusaka kwenye nyumba yenye ukuta uliopasuka. Mfuate.

Tangu siku hiyo migomba imenyamaza.

Jioni ukimsikia, usizunguke nyumba ukimtafuta kama mwanzo. Simama mlangoni umwite. Sasa ana jina.

Mimi,
susu ya Kalekye